Kisu Hadi Mpini

Parseli yetu ya Majengo ni jiwe tupu,
jiwe lililowahi kuwa uji wa moto,
likapita juu ya nyumba ya mtu nisiyemjua,
likapoa. Tulinunua kwa kuwa bei ilikuwa ndogo.

Siku ya kwanza nilichomeka kisu: ko!
Kavugho, binti yangu, akacheka:
«Mama, unabisha hodi kwa nani?»

Nikaanza na ndoo iliyovunjika mkono.
Maganda ya ndizi. Mashina ya sombe.
Majani ya chai yaliyochemshwa mara mbili.
Maganda ya mayai, siku zile za mayai.
Majivu ya makala, kiganja tu, yakizidi yanaunguza.
Vichwa vya sambaza nilitia mara moja:
panya wakaja na ukoo wao wote, sikurudia.

Jirani yetu Sifa alipita ameziba pua.
«Unafukia nini humo?»
«Sifukii. Ninapika.»

Na kweli asubuhi lundo lilitoa mvuke.
Niliingiza mkono: joto.
Si lile la mlima, linalotukimbiza na magodoro kichwani.
Joto la kuku aliyelalia mayai.

Sokoni wenzangu wanachagua viazi vilivyooshwa.
Mimi nauliza: vya Masisi viko wapi, vyenye matope?
Muuzaji ananipunguzia, anadhani sina pesa.
Sina, lakini si kwa sababu hiyo.
Naviosha kwenye beseni, taratibu, jicho kwa jicho,
na maji yale meusi siyamwagi mtaroni,
nayabeba kwa mikono miwili hadi kwenye lundo.

Shamba letu la kule, mwaka wa nne huu,
siwezi kulifikia. Njia ina wenyewe.
Basi lije lenyewe,
kijiko kwa kijiko,
limejificha chini ya ganda,
lipite vizuizini bila kuulizwa karatasi.

Kila Jumapili, kabla ya kuvua kitenge cha misa,
nachomeka kisu kilekile.
Pasaka ya kwanza: ko.
Mvua za Septemba: ncha.
Noeli: kidole kimoja, labda na nusu,
nilibishana na Kavugho.

Jumapili hii kimezama hadi mpini.
Hakikusema kitu.
Nikakiacha humohumo, nikachuchumaa.

Jikoni Kavugho anakitafuta, akate lenga-lenga.
Ameniita mara mbili.