Chujio la Probox

Kavinya anafyatua vibanio vinne kwa kidole gumba,
anainua kifuniko taratibu, kama anayechungulia sufuria isiyo yake,
halafu ananyamaza.
Fundi akinyamaza, mfuko unaanza kuwasha.

"Hili lilizaliwa jeupe," anasema.

Nje, Kariobangi inagonga mabati:
mmoja anachomelea geti, mwingine ananyoosha bampa,
redio inabishana na nyundo.
Naye amelilaza chujio langu juu ya boneti,
anapitisha ukucha kwenye mikunjo ya karatasi
kama mtu anayesoma barua ya mdeni.

"Huu wekundu ni wa kwenu Kamulu, kabla hujagusa lami.
Hiki cha kijivu ni Mlolongo: ulikaa nyuma ya malori ya saruji.
Huu weusi unaonata" (ananusa kidole)
"ni Barabara ya Jogoo, saa kumi na mbili asubuhi,
magari yote yamewaka na hakuna linalosogea.
Na huu?"
Unyoya.
"Kuku wako naye alitaka kuja mjini."

Nacheka, kisha sicheki.
Ndani ya mkunjo wa tisa kuna ua la jakaranda,
limekauka, zambarau yake imenyonywa yote.
Oktoba. Siku nne niliegesha chini ya ule mti
nje ya wadi ya baba.

Baba alichonga mawe ya Ndarugo miaka thelathini na mmoja.
Leso puani, basi.
Daktari aliinua picha ya kifua chake dirishani,
akaikodolea, akaishusha,
akauliza kama kuna ndugu mwingine wa kuongea naye.

Kavinya anainua chujio juani.
"Tazama. Ukiona mwanga, likung'ute, lirudi kazini.
Huoni kitu? Basi."

Sioni kitu.

Namwambia nililipuliza kwa kompresa,
mara tatu, pale kituo cha mafuta, shilingi hamsini.
"Ndiyo maana. Upepo ule unatoboa karatasi.
Tundu usiloliona wewe, mchanga unaliona.
Wa lami tupu wangoje kilomita elfu ishirini.
Wewe wa vumbi, elfu kumi, hata saba kiangazi kikikaza.
Usingoje moshi mweusi. Usingoje gari lipande mlima likihema
na mafuta yaishe kabla ya mayai."

Mafuta yalikuwa yanaisha kabla ya mayai.
Nilidhani ni bei.

Jipya linatoka kwenye boksi na marinda yake,
kama sketi ya shule siku ya kwanza ya muhula.
Ubavuni Kavinya anaandika kwa kalamu nene:
tarehe, kilomita, na USIPULIZE.
Elfu moja mia nane.
Nina elfu moja na mia mbili, na trei mbili.
Anachukua yai moja, analitikisa karibu na sikio,
anakubali.

Nawasha. Injini inavuta pumzi hadi chini.
Sikuwa nimejua kwamba ilikuwa ikinong'ona.

Lile kuukuu nimelifunga kwenye gazeti,
nimeliketisha kiti cha mbele.
Kavinya aliniuliza la nini.
Nilimwambia sijui.

Kamulu, lami inapokwisha,
nafunga kioo cha upande wake.