Kilo Mia Mbili

Mnada wa tatu, malipo yakaingia saa nne usiku.
Mama akanipigia kabla hajamaliza kuhesabu sifuri:
"Somoe, kanunue hicho cha kusomea."
Hakukitaja jina. Chama kilishakata chake,
deni la salfa likakata chake, na kilichobaki
ni kilo mia mbili za korosho zilizogeuka tarakimu
ndani ya simu yangu, hapa Mtwara mjini.

Mjomba Nalinga alikuwa na jina tayari: laptopu.
"Msomi hubeba begi lenye kona," alisema.
"Hicho kingine ni sinia la kuangalizia tamthilia."

Dukani Chikongola vilikaa viwili, kaunta moja.
Laptopu ilikuwa mtumba, herufi M imefutika.
Betri yake, muuzaji akaapa, inakaa saa tatu.
Nikamwomba achomoe waya.
Ikazima kabla hajamaliza kiapo.
Ubavuni pake kishikwambi,
neno nililolipata mwaka wa sensa,
karani alipokalia kinu chetu kilicholazwa
akauliza tuna kuku wangapi,
akituingiza kiooni mmoja mmoja kwa kidole.

Nikapiga hesabu ya mtu anayelijua bweni lake:
soketi moja, vitanda vinane,
umeme unaoondoka bila kuaga.
Vitabu vya anatomia, vizito kama mawe ya kusagia,
vingeingia humo vyote, nivisome ndani ya chandarua.
Na chenji ingebaki: viatu vyeupe vya wodini,
na kalamu yake, ile isiyo na wino.
Nikachagua chepesi.

Sidanganyi. Mwezi wa tatu nilijuta.
Ripoti ya mafunzo kwa vitendo, kurasa thelathini,
niliiandika kwa vidole gumba viwili
kama mtu anayechambua mchele gizani.
Majedwali yakavunjika,
safu ya dozi ikahamia kwenye safu ya umri,
mtoto wa miaka miwili akawa na miaka mia mbili hamsini.
Nikaenda stesheneri ya getini, nikalipia kila ukurasa,
sauti ya mjomba ikinisindikiza kwenda na kurudi.

Likizo nikakipeleka Kitangari.
Mama akanawa mikono, akaifuta kwa kanga,
akagusa kioo.
Akagusa tena. Kioo hakikumwona.
Miaka ya kubangua imelamba ncha za vidole vyake,
mafuta ya ganda yameacha ngozi ngumu, kavu, isiyo na mistari.
Hata siku ya kusajili laini mashine ilimkataa mara sita
mpaka kijana wa wakala akamuuliza,
"Bibi, una vidole kweli?"
Siku ile alicheka. Hapa hakucheka.
Akakirudisha mapajani mwangu taratibu
kama mtoto wa mtu mwingine.
Nikaziwaza zile herufi za laptopu, hata M iliyofutika:
kitufe hakiulizi kidole kimefanya kazi gani,
kinabonyea tu.

Ndipo nikaikumbuka kalamu.
Akaishika kama kisu cha kubangulia, akavuta,
mstari ukatokea. Akageuza kioo
atazame nyuma kama kimetoboka.
Kisha akachora kitu ambacho mikono yake
haihitaji kukitazama:
mgongo wa mviringo, tumbo lililobonyea.
Korosho moja, ukubwa wa kiganja.
Sikuifuta.

Wiki ya kwanza ya muhula, Mwalimu Chitanda
akapita nyuma ya dawati langu, akasimama.
"Figo umelichora vizuri," alisema,
"ila umesahau mrija wa mkojo."