Daftari la Usiku Ule

Jaji hakuuliza nani alimuua Gwantwa.
Aliuliza karatasi zipi ziletwe, na nani azilete.
Nje, Loleza ulikuwa umejifunika ukungu hadi kiunoni;
ndani tulikaa na makoti yetu, Julai ya Mbeya,
wakili akipuliza vidole kabla ya kufunua ukurasa.

Dokta Ambakisye amefutwa kwenye orodha, amekata rufaa.
Anaomba vitu vitatu: daftari la chumba cha upasuaji,
barua ya kwanza ya malalamiko,
na maneno waliyosemezana wajumbe wa Baraza
mlango ukiwa umefungwa.

Wakili wa Baraza akainuka:
"Mheshimiwa, huyu anataka kuchimbua shamba zima
akitafuta kiazi kimoja."
Jaji akavua miwani.
"Lakini tuta ametaja."

Uamuzi mdogo, kurasa sita.
Daftari liletwe, siku kumi na nne,
majina ya wagonjwa wengine yafunikwe.
Barua iletwe.
Ya mlango uliofungwa yabaki humo humo.

Ngazini, mama wa marehemu akanishika mkono wa koti.
"Kwa hiyo ameshinda?"
Bado, Bi Subilaga. Kesi yenyewe haijaanza.
Akakaza kitenge. "Viazi nimeshavuna mara tatu."

Mimi ni mtunza kumbukumbu tu.
Miaka kumi na tisa ya dawa ya panya na mafaili yenye ukungu.
Usiku huu nina mkasi, gundi, karatasi ya kaki,
nafunika watu mmoja mmoja:
mwanafunzi wa Iyunga, kidole tumbo;
mzee wa Isyesye, ngiri;
mama wa Inyala na pacha wake, wote wazima,
nao nawafunika.

Nafika kwake.
Jina lipo. Saa ya kuingia ipo.
Kisha wino mweupe, mstari mzima,
umekauka na kupasuka kama udongo wa Agosti.
Kuna mtu alifunika kabla yangu,
bila amri ya mtu.

Nainua ukurasa kwenye taa. Hauonyeshi kitu.
Naugeuza, napitisha kidole mgongoni:
muuguzi yule alikuwa anakandamiza kalamu.
Nane. Na kumi. Umeme.
Halafu neno refu, nalisoma kinyumenyume
kama kipofu anayejifunza:
jenereta.

Nakata kaki nyingine, kwa ajili ya jina linalofuata.
Hapa naacha wazi,
na pembeni, kwa penseli, naandika: *angalia nyuma.*
Halafu nakaa naiangalia hiyo penseli,
maana hata hilo
jaji hakuniagiza.