Usigeuke

Bi Zuena kaingia dukani kwangu Makadara saa saba,
jua wima, umeme umerudi punde,
kompyuta ya mapajani kaificha ndani ya buibui
kama mwizi wa halua.

"Video haichezi," kasema. "Ya kupamba. Ya Sabra."
Nikanyoosha mkono. Akanipiga kofi la macho.
"Humu mna wake za watu, vichwa wazi, mabega wazi,
na mamako yumo, anacheza chakacha.
Geukia ukuta."

Nikageuka. Miaka kumi na tatu natengeneza,
sijapata kutibu mgonjwa nisiyeruhusiwa kumwona.

Mbele yangu kalenda ya duka la saruji, na mjusi.
"Bonyeza faili mara mbili. Waona nini?"
"Weusi."
"Sauti?"
"Yakatakata, kama samaki kaangoni."
"Umeinakili, ama waichezesha humo humo kwenye kadi?"
"Humo humo."
"Nakili kwanza. Kadi ni mgeni: mpe kiti,
usimhoji mlangoni."

Tukangoja. Feni ikakohoa.
Mkokoteni wa maji ukapita nje, mitungi ikigombana.
"Sasa?"
"Sauti safi! Lakini picha kijani tupu,
kama maji ya kidimbwi."
"Basi kamera ni mpya, na kompyuta yako
ni ya enzi ya mahari ya rupia. Moja yasema,
nyingine haijui lugha hiyo. Twataka mkalimani."
Nikampa flashi kwa nyuma,
kama mkimbiza kijiti asiyemwamini mwenzake.

Nikamsomea njia, hatua kwa hatua, kwa ukuta:
kushoto, chini, kubali, kubali tena,
la, hilo ni tangazo, litakutia virusi,
rudi, rudi Bi Zuena,
sasa zima, washa.

Kimya.

Kisha vigelegele vikajaa duka hadi mjusi akakimbia,
na ndani yake cheko moja, pana, la kooni,
likapanda juu ya ngoma zote.
Nililijua kabla sijalijua.
Shingo yangu iliniuma kwa kutogeuka.

Usiku, mama akinipakulia mbaazi:
"Ile video ya kina Zuena imepona?"
"Imepona."
"Umeiona?"
"Sikuiona."
Akacheka, kidogo tu, kwa pua,
kama anavyocheka hapa nyumbani.