Shahidi wa Nne

Kilisahauliwa juu ya mashine namba sita,
kati ya soksi moja na taulo la shule:
kifaa cha mchezo, cha kukunja, cha buluu,
kona imechubuka, kalamu yake imepotea.
Nikaandika daftarini: Machi tisa. Mwenyewe aje.
Nikakitia kwenye droo ya chenji.

Siku ya nne nikakifungua.
Nakiri mapema, nisije nikabanwa.

Hapa Kushiro ukungu haubishi hodi.
Unaingia na wateja, unakaa kwenye benchi,
na ikifika saa tano usiku hamna mtu dukani
ila mimi, Shizuyo, na ngoma nane za chuma
zikizungusha nguo za watu.

Ndani ya kioo kuna mahakama.
Hakimu ana ndevu kama povu la sabuni.
Wakili ni kijana, suti imempwaya,
kila kesi anaianza akiwa ameshashindwa nusu,
na kidole changu ndicho ulimi wake.

Ameuawa muuza saa, mlango umefungwa kwa ndani.
Mshtakiwa ni binti anayelia machozi manne,
yale yale manne, yanashuka, yanarudi juu.
Nikaokota vitu: risiti ya mwavuli,
saa iliyosimama saa mbili na dakika saba,
picha ya ngazi yenye maji.

Mashahidi watatu sikuhangaika nao.
Njia ya mwongo ni fupi; yao ilikuwa hatua mbili.

Wa nne ni mama wa kufagia.
Anasema kwa adabu, mikono juu ya aproni:
"Mvua sikuiona. Nilikuwa nimelala."
Nikambonyeza. Akarudia.
Nikambonyeza tena, jasho likaanza kumtoka,
matone makubwa, kama alivyotaka mchoraji.
Nikaweka risiti mbele yake. Risiti ina saa.

PINGAMIZI!
Herufi nyekundu kioo kizima. Muziki kimya.
Na mama wa kufagia akawa mdogo,
mdogo kuliko ufagio wake.

Nilitakiwa kufurahi. Nikakifunga kifaa.

Mwaka wa tisini na nane nami niliulizwa.
Hapakuwa na kizimba; meza tu, na chai,
watu watatu wa kampuni, mmoja wa serikali.
Kinga ya mkanda, pale kiwanda cha samaki wa kopo,
nani aliivua?
Nikasema: Hagiwara mwenyewe.
Hagiwara alikuwa hospitali, mkono wake ukiishia kwenye kiwiko.
Msimamizi akanitazama mara moja,
kisha akaitazama chai yake.

Kinga ilivuliwa tangu Jumatatu, kwa amri,
ili mkanda uende mbio.
Bisibisi nilishika mimi.

Hakuna aliyenibonyeza.
Jasho halikunitoka hata tone.
Nilipewa nauli ya teksi.

Jumamosi akaja msichana, pua nyekundu kwa baridi.
Kotoha, darasa la nane, alisema, kama anayeapa.
Nikampa. Akafungua, akaona faili la pili:
Shizuyo, kesi ya tatu.
Nilidhani atakasirika.
"Bibi! Umempita mama wa kufagia?
Mimi nimekwama mwezi mzima! Ulimwonyesha nini?"

"Risiti," nikasema. "Tazama saa.
Lakini kwanza msikilize mpaka mwisho.
Kuna mtu anamwogopa."

"Mchezo hausemi hivyo."

"Hausemi."

Akanitazama kidogo, namna ya watoto,
akainama, akatokomea kwenye ukungu
na mwanga mdogo wa buluu mkononi.

Nikachukua daftari. Machi tisa: imechukuliwa.
Chini yake nikaandika tarehe nyingine, ya zamani,
na jina la kiwanda, na jina la Hagiwara,
na Jumatatu, na amri ya nani.
Wino ukaniishia katikati ya neno bisibisi.

Nikafungua droo, nikaanza kutafuta kalamu nyingine.