Utenzi wa Viti vya Nyuma

Msinione mjinga,
na wanangu ni wachanga,
pesa nilizozichanga
kuzimaliza kwa gari.

Si gari la kubebea
jamaa wakirejea,
harufu imeenea
ya pilau na uturi.

Ni lile lililo chini
kama paka uvunguni;
ukiliwasha, moyoni
lavuma kama zumari.

Madrasani nikitoka,
hapo Kuze likafika;
shingo ikanitenguka:
ni la mwana wa tajiri.

Niliapa papo hapo,
buibui na upepo,
kuwa siku moja ipo
nitalitia safari.

Sasa naendesha kreni
pale juu, Kilindini;
makontena mikononi
nayapanga kwa mistari.

Nyumbani nikalitaja.
Kijiko kikamngoja
hewani, dakika moja,
huyu bwanangu Jabiri.

“Na toroli la mtoto?
Akitapika kwa joto?
Hilo gari ni la ndoto,
la mseja, la ghururi.

“Chukua lenye milango
ya kusukuma, na pengo
la kutia hata jengo,
ufike kwenu vizuri.”

Mavyaa kakosa neno,
akachokoa tu meno;
tasibihi ya mkono
ikazidi kukariri.

Jumamosi, saa nne,
Shimanzi twende, tuone;
pipi, ili wasinune,
na nepi, zote tayari.

Tukampata Kitsao,
peni nyuma ya sikio,
mtu wa kicheko mbio
na ulimi wa hariri.

“Viti vya nyuma, dadangu,
ni pambo, haki ya Mungu!
Hapatoshi goti langu;
tia mkoba, ni heri.”

Nikiwa sijamjibu,
Sudi kaingia, bubu,
na Zena, bila adabu,
akarukia kwa ari.

Kumbe wote waenea!
Kama njugu zatulia
gandani, zikanyamaa;
kiti hakina dosari.

Sudi yu mwaka wa sita;
kanzu niliyoipata
Idi iliyotupita
vifundo haisitiri.

Zena, wa mwaka wa tatu,
vimembana viatu
vya juzi; kesho ni mtu
wa kujifungia siri.

Viti hivi ni vya nani
kama si hawa wandani,
wapangaji wa thamani,
kodi yao ni umuri?

Gari kubwa litangoja
miaka kumi ikija;
hili lina siku moja,
kisha laaga, kwa heri.

Sikuwa wa kurukia:
nikainama kwa nia,
mikanda nikavutia
mara tatu, kwa nadhari.

Tuta la kwanza la Nyali
tumbo likagusa kweli.
“Mama, linakula wali?”
Zena kauliza, shwari.

Toroli nikalikunja,
gurudumu kalivunja;
nikaona, nikaonja
maneno yake Jabiri.

Toroli litabakia;
mavyaa tamkodia
tukutuku ya kwendea
akitaka kusafiri.

“Bei?” nikamuuliza.
Kwanza akajikohoza,
tarakimu kaongeza
mkia wa masifuri.

Mimi, wa kushusha tani
arubaini hewani,
bei nikashusha chini
polepole, kwa saburi.

Nikasaini; mkono
unatetema mfano
wa siku ya maagano
nilipopewa mahari.

Jabiri kalizunguka,
nikidhani atafoka.
“Ufunguo,” akataka,
sauti ndogo, ya siri.

Nyuma, kwenye viti vile,
Zena katia mchele:
“Gari nalo, mama, lile!”
Sijautoa, nakiri.