Nguo ya Waya

Februari, Loctudy. Mashua zimepandishwa nchi kavu,
zimesimama kwa magongo kama wagonjwa foleni,
na mvua ya huku hainyeshi, inaning'inia tu,
inakuingia shingoni bila hodi.

Napanda ngazi na kitambaa cha pamba,
kioo cha kukuzia, koleo, chai kwenye chupa.
Kazi ndogo, nimemwambia Enora:
kukagua nyaya za ukingoni,
zile zinazoizunguka Skravik yetu kiunoni
toka omo hadi tezi, nguzo kwa nguzo,
ili mtu akiteleza asiende na maji.
Saa moja tu. Nitarudi kula mchana.

Zina miaka ishirini na miwili.
Tulizinunua pamoja na mashua, zimevaa plastiki nyeupe,
na kila Pasaka tukaziosha kwa sabuni ya vyombo,
tukajisifu zinavyong'aa.

Napitisha pamba. Inateleza, inateleza,
hainasi uzi wala mwiba.
Nguzo ya tatu, pale waya unapoingia kishikioni,
doa. Rangi ya chai. Dogo.
Nadhani niliwahi kuliona, mwaka juzi,
nikalifuta kwa kidole gumba
kama unavyomfuta mtoto makamasi,
safari ikaendelea.

Leo naichana ile plastiki kwa kisu.

Lo.
Ndani hamna waya. Mna unga,
mna masimbi ya chai yaliyosahaulika kwenye chujio.
Maji ya chumvi yaliingia kwa tundu la sindano,
yakakosa pa kutokea, yakakaa humo yakitafuna,
msimu baada ya msimu, gizani,
na nguo nyeupe ikawafunika wote wawili,
mla na mliwa.
Naushika kwa mikono miwili, naukunja.
Tak.
Koleo bado liko mfukoni.

Nakaa chini palepale, kwenye maji,
maana nimeiona Agosti:
visiwa vya Glénan, upepo nyuma yetu,
Enora anamenya kamba wa kuchemsha
na kuwatupia shakwe maganda,
mgongo wake wote, na kicheko chake,
kauegemeza hapa. Nguzo ya tatu.
Nyuma yake kijani kitupu, na kasi yetu.
Nami nimeshika usukani, nasema, niachie wawili.

Tulimenya kamba. Waya hatukuumenya.

Dukani, Bleuenn ana pete puani
na vidole vyenye sugu kuliko vyangu.
Haulizi ilikuwaje.
Anauchokoa mwisho uliokatika kwa ukucha, unamwagika mezani.
"Mita ngapi?"
"Arobaini na nane. Usiovishwa."
"Uliovishwa ni laini, watu wanaupenda. Huu utawauma mikono."
"Uwaume."
Anapima, anakata.
"Ukiugua," nasema, "nataka nione,"
na yeye ananitazama kidogo, kisha anaandika risiti.

Chakula cha mchana nakila saa kumi.
Enora anatafuta funguo kwenye koti langu,
anatoa kile kipande.
Anakiweka kando ya chumvi, anavaa miwani,
anazitenga nyuzi kwa jino la uma, moja moja,
kama mtu anayechambua mchele.
Kumi na tisa. Kumi na saba zimekufa zamani.
"Mbili," anasema.
Jiko linanguruma. Supu inapata utando.
"Basi zilinitosha."
Halafu, akisukuma sahani kuelekea kwangu:
"Ulisema niwabakishe wawili, unakumbuka?
Nikawala wote."

Bado upande wa kushoto sijaukagua.
Kesho, mvua ikiruhusu, hata isiporuhusu.

Usiku nagundua nimeikamata kanzu yake ya kulalia,
ngumi nzima, pale mgongoni.
"Unanivuta," anasema usingizini.
Ndiyo.
Siiachii.